UZI: "Anajitahidi" si ripoti

1/ Kila msimu wa siasa tunaona picha ile ile. Mheshimiwa anakabidhi viti vya magurudumu shuleni, kamera zinawaka, watoto wanapiga makofi. Viti vinahitajika, sina shida navyo. Lakini kwenye midahalo yote ambayo nimefuata, sijasikia mtu akiuliza: huyu mtoto amejifunza nini mwaka huu? Wacha nieleze.

2/ Kakangu mdogo ana ulemavu wa kiakili, yuko darasa maalum katika shule ya umma. Mihula mitatu mfululizo ripoti yake ilikuja na neno moja: "Anajitahidi." Mamangu akaniuliza, "Wewe si unasoma siasa huko chuo? Hii inamaanisha anaenda mbele ama amekaa pale pale?" Sikuwa na jibu.

3/ Kwanza ni tathmini. Kenya ina vituo vya EARC tangu 1984. Kazi yao ni kumtathmini mtoto na kushauri asomee wapi na asaidiwe vipi. Kama hujui alianzia wapi, utajuaje amefika wapi?

4/ Pili ni mpango wa mtoto binafsi, ule walimu huita IEP. Mwalimu na mzazi wanakubaliana malengo ya mtoto huyo mmoja. "Ajue hesabu" si lengo. "Kufikia mwisho wa muhula ahesabu sarafu hadi shilingi 50 peke yake, mara nne kati ya tano" ni lengo. Hilo unaweza kulipima.

5/ Tatu ni rekodi za mara kwa mara. Alishikwa mkono? Alielekezwa kwa maneno? Alifanya peke yake? Kutoka kushikwa mkono hadi kuelekezwa kwa maneno ni hatua kubwa, na mtihani wa kawaida hauioni. Wiki zikipita bila mabadiliko, mwalimu anabadilisha mbinu. Halaumiwi mtoto.

6/ Nne ni ripoti kwa mzazi: alianzia hapa, sasa yuko hapa, kinachofuata ni hiki. Basi.

7/ "Lakini CBC si ilimaliza hiyo shida?" Nusu nusu. Mtaala una njia ya wanafunzi wasioweza kufuata ile ya kawaida, ambapo wanapanda kwa hatua, si kwa umri. Ni jambo zuri. Lakini mtoto huyo ndiye anahitaji rekodi zaidi, kwa sababu umri wake hautakuonyesha kama amechelewa. Bila rekodi anaweza kukaa hatua moja miaka na miaka, na hakuna atakayeshtuka.

8/ Sasa siasa. Jedwali la Nne la Katiba linaiweka elimu maalum chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti zina elimu ya chekechea. Kwa hivyo anayetaka ugavana akikuahidi kubadilisha shule maalum, muulize kwa mamlaka gani. Na anayetaka ubunge asikwambie hiyo ni kazi ya gavana. Bungeni ndiko bajeti ya kitaifa hupitishwa.

9/ Kabla hujamrukia mwalimu: tulipoenda kumwona wetu, tulimpata na watoto 19 wa viwango tofauti, peke yake. Rekodi za watoto 19 ni kazi ya saa nyingi ambazo hana. Ukitaka ripoti nzuri, lipia walimu na wasaidizi wa darasa. Hapo ndipo ahadi hugeuka kuwa hesabu.

10/ Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu. Kuingia darasani ni mwanzo tu. Mwanasiasa akija kwenu, muulize: ni watoto wangapi wametathminiwa hapa? Wangapi wana mpango wao? Wangapi walifikia malengo? Akikujibu kwa idadi ya viti, rudia swali.

11/ Siku ile mwalimu alichukua karatasi, tukaandika lengo moja pamoja naye: zile sarafu. Muhula uliofuata ripoti ilisema, "Anahesabu hadi shilingi 30 peke yake." Hajafika 50. Mamangu aliisoma mara mbili, kisha akamtuma kakangu dukani.