Dakika Zinakopotea Kati ya Dar es Salaam na Dodoma

Treni ya umeme ikishaipita Pugu na kuanza kuchanganya, abiria wengi hutoa simu kupima mwendo. Namba ikigota 160, utasikia vicheko na kuona picha zikipigwa. Nafurahi pamoja nao, maana nimeishi miaka ambayo safari ya Dodoma kwa basi ilikula siku nzima. Ila mimi huwa nimeshika saa na daftari, na ninachoandika ni kingine: ni wapi treni ilishuka chini ya kilomita 60 kwa saa, kwa muda gani, na kwa sababu ipi.

Safari za abiria hadi Dodoma zilianza Julai 2024. Njia ina urefu wa takriban kilomita 450, na treni isiyosimama mara nyingi huimaliza kwa kama saa tatu na nusu. Ukigawanya, wastani ni karibu kilomita 130 kwa saa. Huo ni wastani mzuri sana, na nchi nyingi tajiri kuliko yetu zina njia zisizoufikia. Hata hivyo mjadala ukianza kuhusu kuifanya safari iwe fupi zaidi, watu hukimbilia kuuliza kwa nini reli haikujengwa kwa kasi ya 200 au 250. Mimi naanzia upande wa pili, mahali treni inapojikokota.

Tufanye hesabu, si ngumu. Treni inayokwenda 160 hutumia sekunde 22.5 kwa kila kilomita. Ikienda 200 hutumia sekunde 18. Umeokoa sekunde nne na nusu. Ukifanya hivyo kwa kilomita 50 mfululizo, umepata dakika tatu na sekunde 45. Sasa chukua kipande cha kilomita tano tu, mathalani kwenye maingilio ya mji, ambako treni hulazimika kutambaa kwa 40. Kila kilomita inakula sekunde 90. Ukikirekebisha kipande hicho ili treni ipite kwa 80, kila kilomita itakula sekunde 45, na kwa kilomita tano utakuwa umeokoa dakika tatu na sekunde 45 zile zile. Kilomita tano zimefanya kazi ya kilomita 50. Tena nishati ya mwendo iliyomo ndani ya treni huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka 160 kwenda 200 nishati hiyo inapanda kwa zaidi ya nusu, na breki, waya na bili ya umeme vyote vinaihisi.

Kona nazo zinafuata sheria hiyo hiyo ya mraba. Kona yenye nusu-kipenyo cha mita 300 hivi inatosha kwa treni ya 80, ikiwa reli ya nje imeinuliwa ipasavyo. Ukitaka 160 kwa raha ile ile ya abiria, unahitaji karibu mita 1,200. Kwa 200 unakaribia mita 1,900. Ndiyo maana reli mpya haikuweza kulazwa juu ya tuta la zamani. Reli ya Kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914 ilikuwa ya upana wa mita moja, ikipindapinda kufuata ardhi ili kukwepa gharama za kuchimba. Pale Kilosa iliingia bonde la mto Mkondoa, na tangu hapo mafuriko yameing'oa mara nyingi, mataluma yakabaki yanaelea na treni zikakaa siku kadhaa zikisubiri tuta lijengwe upya. Reli mpya yenye upana wa milimita 1,435 imeyapita maeneo hayo kwa madaraja, matuta marefu na mahandaki manne. Anayelalamika kwamba mahandaki ni anasa na aende Kilosa msimu wa masika akaangalie mto ule. Kwa maoni yangu, hizo ndizo fedha zilizotumika kwa akili kuliko zote katika mradi mzima, kwa sababu zimenunua kasi na uhakika kwa pamoja.

Kuhusu vituo nitasema kwa ufupi. Treni inayokwenda 160 ikipunguza mwendo, ikasimama dakika mbili, kisha ikachanganya tena, imepoteza takriban dakika tatu na nusu. Kila kituo kina wananchi wake wenye haki ya kusafiri, na sitaki treni iwapite Kilosa au Gulwe kana kwamba hawapo. Suluhisho ni kuwa na treni za aina mbili, moja ya haraka na nyingine ya vituo vyote, na ratiba inayojua ya kwanza itaipita ya pili wapi.

Umeme ndio unaoibeba safari hii yote. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Dar es Salaam iko ufukweni. Kichwa cha dizeli kinabeba kiwanda chake cha nguvu mgongoni pamoja na mafuta yake, na mlimani hakiwezi kutoa zaidi ya kile injini yake inachoweza. Treni ya umeme inachota kutoka kwenye waya wa juu wenye msongo wa kilovolti 25, kwa hiyo kwenye mwinuko inapewa nguvu nyingi bila kubeba uzito wa ziada. Ikiteremka, mota zake hugeuka majenereta na kurudisha umeme kwenye waya, uchukuliwe na treni nyingine inayopanda kwenye sehemu ile ile. Mhandisi anayepanga ratiba akiwa na busara atajaribu kupanga treni moja ipande wakati nyingine inashuka.

Kuna jambo la umeme ambalo wengi hawalisikii. Gridi ya taifa ina fezi tatu, lakini waya wa treni unatumia moja. Ukichota kote kwenye fezi ile ile, gridi inaelemewa upande mmoja. Kwa hiyo vituo vya kupoza umeme kando ya reli hupokezana fezi, na katikati ya eneo la kituo kimoja na jirani yake huwekwa kipande kifupi cha waya kisicho na umeme. Treni hupita hapo kwa mserereko, abiria hata hajui. Mpangaji lazima ajue, maana kipande hicho kikiwekwa kwenye mwinuko au karibu na taa ya kusimamisha treni, siku moja treni itasimama chini yake na itakosa pa kuchota nguvu ya kuondokea. Katika wiki za kwanza za safari hizi, mwaka 2024, hitilafu za umeme ziliwahi kusimamisha treni njiani, na abiria walikasirika kwa haki. Njia ya umeme inahitaji laini yake ya kuilisha, chanzo zaidi ya kimoja, na mafundi walio karibu. Kufyeka miti na kuwazuia wanyama na ndege wasifike kwenye nyaya ni sehemu ya kazi ya kasi sawa na kutandika reli.

Sasa kuna ukweli ambao kwangu ndio moyo wa suala lote. Reli ya kutoka Dar es Salaam, kupitia Dodoma, hadi Makutupora ni ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana hupishana stesheni tu, moja ikiingia njia ya pembeni. Mwaka 2025 treni za mizigo nazo ziliingia, ndefu, nzito na zenye mwendo mdogo kuliko za abiria. Treni ya haraka ikikuta mwenzake amechelewa dakika sita, nayo inachelewa sita, na ile inayoisubiri mbele inarithi. Hapo kasi ya 160 au ya 300 haina msaada, kwa sababu treni yako imesimama.

Waswisi walilielewa hili mapema. Mwaka 1987 walipiga kura kuukubali mpango wao mkubwa wa reli, na badala ya kuanza na kasi walianza na ratiba. Walitaka treni zikutane kwenye miji mikubwa kila nusu saa ili abiria abadilishe bila kusubiri. Kwa hiyo safari kati ya Zürich na Bern, makao ya serikali yao, ilipaswa kuwa chini kidogo ya saa moja, wala haikuhitajika kushuka mpaka dakika 40. Walijenga kipande kipya cha kilomita 45 kati ya Mattstetten na Rothrist, kikafunguliwa mwaka 2004, na saa ikapatikana. Hawakununua dakika ambazo hazikuwa na kazi.

Tukiileta hekima hiyo kwenye njia ya Dodoma, swali linakuwa treni zikutane wapi, kisha tujenge sehemu ndefu za kupishania hapo hasa, ndefu kiasi kwamba treni ya mizigo ikae ndani bila kusimamisha mwenzake. Baadhi ya vipande vitahitaji njia ya pili. Ningeanza na vile vinavyotoka mijini, ambako treni hukaribiana.

Jirani zetu Kenya walifungua reli yao ya Mombasa–Nairobi mwaka 2017, ya dizeli, treni za abiria zikienda 120 na safari ikichukua takriban saa tano. Wengi hulinganisha 120 na 160 na kuishia hapo. Mimi hutazama miisho. Stesheni ya Mombasa iko Miritini na ya Nairobi iko Syokimau, zote mbali na katikati ya mji. Dar es Salaam tumefanya vizuri zaidi: reli imeinuliwa juu ya daraja refu hadi katikati, jirani na stesheni ya zamani, na abiria akishuka anatembea kwenda Kariakoo akitaka. Dodoma, stesheni iko Mkonze, nje ya mji. Treni ikifika usiku, foleni ya bajaji na teksi huweza kumla mtu dakika 30, na hizo ni sawa na kuipandisha treni kutoka 160 hadi 200 kwa kilomita 400 nzima.

Kwa hiyo nikiulizwa dakika kumi za kwanza zitafutwe wapi, naanzia Mkonze: mabasi yanayoondoka kwa ratiba ya treni, yakiwa yamewasha injini abiria wanapotoka mlangoni, na tiketi moja ya safari nzima. Kumi zinazofuata ziko kwenye zile njia za kupishania. Za tatu ziko kwenye kilomita chache za kuingia na kutoka Dar es Salaam, pale ambapo daftari langu huwa na namba ndogo kuliko zote.