Gari la zamani huchemka kwa sababu: itafute kabla ya safari

KUNUNUA gari la zamani ni jambo moja. Kulifikisha Naivasha na kulirudisha Nairobi bila kusimama kando ya barabara, boneti ikiwa wazi na mvuke ukifuka, ni jambo jingine kabisa. Wengi wa wanaonunua magari ya miaka ya sitini na sabini huugundua ukweli huu katika wiki ya kwanza. Gari lilinguruma vizuri uani kwa muuzaji, na rangi yake iling'aa. Lilipokutana na mlima au msongamano wa magari, mshale wa geji ya joto ukaanza kupanda.

Hatari iliyopo si aibu ya kusukumwa tu. Injini ikichemka kupita kiasi hata mara moja, silinda hedi ya alumini inaweza kupinda, gasketi ikaungua na maji yakaingia kwenye oili. Kwa gari ambalo vipuri vyake havipatikani katika kila duka, safari moja ya pupa inaweza kugharimu zaidi ya bei ya kulinunulia. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mfano mzuri ni Peugeot 504, gari ambalo Wakenya wengi wenye umri wa makamo walisafiria utotoni. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, likatawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya mwaka wa 1969, na likashinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na wa 1978. Kwa miaka mingi liliunganishwa humu nchini. Gari lililostahimili vumbi na joto la mbio hizo halikuumbwa na kasoro ya kuchemka. Likichemka leo, kuna kitu kilichochakaa, kilichoziba au kilichoharibiwa na mikono ya watu. Kazi ya mmiliki mpya ni kukitafuta hicho.

<b>Nyanda za juu na maji</b>

Kwanza yafaa kuelewa kinachoitwa kuchemka. Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka yafikapo nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Kwa hivyo gari lililozoea Pwani hupungukiwa na akiba ya joto pindi linapofika bara, na hasa likiwa limetoka kupanda kwa umbali wa kilomita 480 hivi.

Kinacholiokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hiki hubana shinikizo ndani ya mfumo, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Kifuniko chenye shinikizo la pauni 7 kwa kila inchi mraba huweza kukiinua kiwango cha kuchemka jijini Nairobi hadi kupita nyuzi 105. Lakini mpira wake ukikauka au springi ikilegea, akiba hiyo yote hupotea. Ndiyo maana kifuniko, ambacho ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu, huwa cha kwanza kubadilishwa. Hata hivyo, si busara kuweka chenye shinikizo kubwa kuliko lile lililopendekezwa na watengenezaji, kwani mipira na viungo vya rejeta kuukuu huenda vikapasuka.

<b>Huchemka wakati gani?</b>

Daktari humuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini. Fundi mwerevu naye huanza kwa kuuliza gari huchemka wakati gani.

Likichemka kwenye foleni na kupoa linapoenda kasi, upungufu uko kwenye hewa: feni haivuti ipasavyo, mkanda umelegea au mapezi ya rejeta yamejaa vumbi na wadudu. Likitulia mjini lakini likachemka mlimani au kwenye mwendo wa kasi, upungufu uko kwenye mzunguko wa maji: rejeta imeziba, pampu imechoka au mpira wa chini unanywea kwa kuvutwa na pampu. Na likianza kutoa mapovu kwenye rejeta dakika chache tu baada ya kuwashwa, huenda gesi ya moto inapenya kutoka kwenye silinda kupitia gasketi iliyoungua. Hapo gari lisiendeshwe tena hadi lipimwe.

Hata kabla ya hayo, geji yenyewe ithibitishwe. Nyaya za miaka hamsini huongopa. Kipimajoto cha miale, ambacho huelekezwa kwenye kitu bila kukigusa, kikielekezwa pale mpira wa juu unapotoka kwenye injini huonyesha kama joto ni la kweli au ni la kwenye dashibodi tu.

Kuna pia ugonjwa unaofanana na huu. Gari linaweza kuzimika kwenye jua kali huku maji yakiwa salama, kwa sababu petroli imegeuka mvuke ndani ya mrija au pampu yake iliyo karibu na injini. Tiba yake ni kuusogeza mrija mbali na eksozi na kuukinga, wala si kununua rejeta mpya.

<b>Uchafu wa miaka mingi</b>

Kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo magari mengi ya kale yanayouzwa humu yameishi papa hapa, yakitiliwa maji ya mfereji, ya kisima na ya mtoni, chochote kilichopatikana karibu. Maji ya visima vingi yana chumvi na chokaa. Chokaa hiyo huganda ndani ya mirija myembamba ya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika, na kutu ya injini hutuama chini ya bloku.

Ndiyo sababu kubadilisha maji pekee hakutoshi. Mfumo wote huoshwa kwa kusukuma maji kinyume cha mwendo wake wa kawaida, na plagi ya kutolea maji kwenye bloku hufunguliwa ili tope litoke. Rejeta za zamani zilitengenezwa kwa shaba na shaba nyeupe. Fundi wa rejeta anaweza kuzifungua juu na chini, akapitisha ubapa mwembamba katika kila mrija, kisha akazifunga kwa risasi. Mipira yote na mkanda wa feni hubadilishwa kwa pamoja, hata kama vinaonekana vizima, kwa kuwa mpira huoza kuanzia ndani.

Baada ya hapo hutiwa mchanganyiko wa nusu maji safi yasiyo na chumvi na nusu dawa ya rejeta. Maji matupu hupoza vizuri, lakini huleta kutu pale alumini inapokutana na chuma. Dawa hiyo ni sumu na ina ladha tamu, kwa hivyo iwekwe mbali na watoto, mbwa na paka.

<b>Njia za mkato</b>

Mnunuzi achunguze pia yale yaliyofanywa na waliomtangulia. La kawaida kabisa ni kuondolewa kwa thamostati, ile vali ndogo inayozuia maji hadi injini ipate joto, kisha hufunguka. Gari likichemka, mafundi wengi huing'oa na kuitupa. Matokeo yake ni kwamba injini hukaa baridi mno asubuhi, hunywa petroli nyingi na kulika upesi, huku rejeta iliyoziba ikiendelea kuziba kimyakimya. Maradhi hayajatibiwa, yamefichwa tu, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Thamostati hupimwa jikoni. Hutumbukizwa katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, maji yakapashwa moto. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Isiyofunguka hubadilishwa, haiachwi nje.

Katika Peugeot 504 kuna jambo jingine la kuangaliwa. Feni yake ina klachi ya sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni hujizungukia ovyo, na joto likipanda swichi hupeleka umeme, sumaku ikanasa na feni ikaanza kuvuta hewa kwa nguvu. Swichi ikifa, waya ukikatika au kaboni inayopitisha umeme ikiisha, feni huonekana inazunguka ilhali haifanyi kazi. Wapo wanaoifunga kwa bolti izunguke daima. Hilo lafaa kumfikisha mtu nyumbani, lakini si matengenezo.

Moto wenyewe pia hukaguliwa. Cheche ikichelewa, au kabureta ikitoa petroli haba kuliko hewa, joto huzidi hata kama rejeta ni mpya. Breki zinazokwama nazo huilazimisha injini kuvuta mzigo usioonekana.

Ikibidi silinda hedi ifunguliwe, kazi hiyo apewe anayeifahamu injini hii. Slivu zake, yaani mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka, huzungukwa na maji moja kwa moja. Injini ikizungushwa hedi ikiwa nje bila slivu kushikiliwa, huinuka na maji yakaanza kuvuja chini, yakaingia kwenye oili.

<b>Mtihani wa mlima</b>

Gari lililotengenezwa halipelekwi Mombasa siku hiyo hiyo. Kwanza huachwa likiwaka mahali liliposimama, hewa iliyonaswa katika mfumo ikitolewa, hadi feni inase yenyewe na joto lishuke. Kisha huendeshwa kilomita 10 karibu na nyumbani, likapoa, maji yakaangaliwa. Baadaye kilomita 50. Kila badiliko lifanywe peke yake na kuandikwa kwenye daftari, maana anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo hatajua ni kipi kilichoponya.

Mtihani wa mwisho ni mlima. Kuteremka Mai Mahiu kila gari huweza. Kupanda kurudi Limuru, nyuma ya lori lililojaa shehena, ndiko kunakotenga gari zima na bovu.

Na ikiwa mshale utapanda njiani, dereva apunguze mwendo na afungue kipashajoto cha ndani hadi mwisho, kwani hicho nacho ni rejeta ndogo. Ukizidi kupanda, asimame na kuzima injini. Kifuniko kisiguswe kwa muda usiopungua nusu saa: maji yaliyobanwa yakiachiliwa hulipuka kuwa mvuke na kumbabua mtu uso na mikono. Wala maji baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto, kwa sababu alumini hupasuka.

Gari la zamani halidai muujiza. Hudai maji safi, hewa ya kutosha, cheche ya wakati wake na mmiliki asiyeinyamazisha geji inapomwonya. Likipewa hayo, litaupanda mlima leo kama lilivyoupanda lilipokuwa jipya.