Bruxelles kwa mguu: kutoka shaba ya Katanga hadi sahani ya sombe huko Matonge

Kwenye Place du Trône, katikati ya mji wa Bruxelles, Mfalme Leopold II amekaa juu ya farasi. Sanamu hiyo ilichongwa na Thomas Vinçotte, ikasimamishwa mwaka 1926. Watu wengi wanaipita wakikimbilia metro bila kuitazama. Lakini mtu wa Likasi, Kambove au Lubumbashi akisogea karibu na kusoma maandishi yake, atakuta habari inayomhusu: shaba na bati iliyotengeneza sanamu hiyo ilitoka Kongo, na ilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga.

Bure kwa nani? Wachimbaji walioletwa migodini kutoka Kasaï, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini na hata Ruanda-Urundi wasingetumia neno hilo.

Hapo ndipo tunaanzia matembezi yetu. Wakongomani wanaofika Ubelgiji, kwa masomo, kwa matibabu au kwa kutembelea ndugu, wengi wanaambiwa waende kwanza Grand-Place na Atomium. Ni mahali pazuri, hakuna ubishi. Ila kati ya kituo cha metro Trône na kanisa la Saint-Boniface, katika komini ya Ixelles, kuna njia fupi ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa mguu asubuhi moja, akala vizuri saa sita, na akarudi nyumbani akijua kwamba Katanga ilifika mji huu zamani, kabla yake yeye.

Majina ya Mwadingusha

Ukiipa sanamu mgongo, tafuta Rue d'Egmont, barabara fupi iliyo karibu sana. Kwenye namba 11 kuna nyumba ya Fondation Universitaire, shirika la wasomi lililoanzishwa mwaka 1920 kwa pesa zilizobaki za msaada wa chakula ambao Ubelgiji ilipewa wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Mtu aliyesimamia jambo hilo pamoja na Mmarekani Herbert Hoover aliitwa Emile Francqui.

Wazee wa Mwadingusha wanalifahamu jina hilo. Kituo cha umeme kilichojengwa kwenye maporomoko ya mto Lufira, na kilichoanza kazi mwaka 1930, kiliitwa Centrale Francqui. Maporomoko yenyewe Wabelgiji waliyaita Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mwanajiolojia aliyeandika habari za utajiri wa shaba ya Katanga baada ya kupita huku mwaka 1892. Cornet na Francqui walikuwa katika msafara mmoja, chini ya kapteni Lucien Bia. Bia naye alipewa kituo chake: ndicho tunachokiita leo Koni, chini kidogo kwenye mto uleule. Hata Likasi iliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mkubwa wa Société Générale, benki ya Bruxelles iliyokuwa nyuma ya Union Minière.

Kwa hiyo mkaaji wa Mwadingusha hatembei ugenini kabisa katika barabara hizi. Bwawa la Lufira ndilo lililozaa ziwa Tshangalele, ambalo samaki wake wanalisha Likasi na Lubumbashi hadi leo. Umeme wake ulijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mwaka 2021 mashine zake 6 zilirudi kazini baada ya kutengenezwa upya, zikiwa na uwezo wa megawati 78, na kampuni ya madini ilikuwa tena ndani ya mpango huo pamoja na SNEL. Wakaaji wengi wa Haut-Katanga wanajua maisha ya kuwasha mshumaa huku nyaya kubwa za umeme zikipita juu ya vichwa vyao. Mtu anayetoka katika maisha hayo anaelewa haraka nyumba kubwa za Bruxelles zilisimama juu ya nini.

Dakika chache hadi kwa Lumumba

Kutoka hapo, fuata boulevard kuelekea Porte de Namur. Ni mwendo wa dakika chache tu. Kabla ya kuingia Ixelles utafika kwenye Square Patrice Lumumba, iliyofunguliwa tarehe 30 mwezi wa sita 2018. Si uwanja mkubwa. Magari yanapita pembeni, na mtu asiyejua anaweza kuuvuka bila kutambua. Lakini kuupata kuliwachukua Wakongomani na marafiki zao wa Ubelgiji miaka mingi ya kuomba, kuandamana na kukataliwa.

Hapa pia njia inarudi Likasi. Mwezi wa kwanza 1960, Lumumba alikuwa mfungwa katika gereza la Jadotville. Wajumbe wa Kongo waliokuwa kwenye mkutano wa Table Ronde hapa Bruxelles walidai aachiliwe. Akatolewa gerezani, akapandishwa ndege, akaja kukaa mezani na watu walewale ambao serikali yao ilimfunga. Katika mkutano huo ndipo ilipokubaliwa tarehe ya uhuru, 30 Juni 1960. Ni katika siku hizo pia Joseph Kabasele na African Jazz walipiga Indépendance Cha Cha kwa mara ya kwanza, katika hoteli Plaza ya mji huuhuu.

Mwaka haukuisha vizuri. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa Shilatembo, kando ya njia ya Lubumbashi kwenda Likasi. Kilichobaki cha mwili wake, jino moja, Ubelgiji ililirudisha kwa familia tarehe 20 mwezi wa sita 2022. Sherehe hiyo ilifanyika katika Palais d'Egmont, jumba lililo karibu na hapa, upande wa pili wa boulevard. Siku kumi baadaye alizikwa Kinshasa.

Mtu akisimama kwenye square hii, upande mmoja ana mfalme wa shaba, upande mwingine jumba ambako jino lilirudishwa, na mbele yake mlango wa Matonge. Hakuna haja ya kitabu ili kuelewa.

Matonge, nje ya Kinshasa

Vuka Porte de Namur. Barabara mbili zinatengana mbele yako: Chaussée d'Ixelles kuume, Chaussée de Wavre kushoto. Katikati yao ndipo Matonge inapoanza. Kwa miaka mingi kwenye njia panda hiyo kulining'inia mchoro mkubwa wa Chéri Samba, aliouchora mwaka 2002, ukionyesha watu wa rangi zote wakikutana Porte de Namur.

Jina lilitoka mtaa wa Matonge wa Kinshasa, katika komini ya Kalamu, mtaa wa muziki na bia. Hapa Bruxelles mambo yalianza kwa masomo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumba moja ya Rue Alsace-Lorraine, Maison Africaine, ilianza kupokea wanafunzi kutoka Kongo. Mwanafunzi anahitaji kukata nywele, kula chakula cha kwao, kucheza muziki siku ya Jumamosi. Wafanyabiashara wakafuata, kisha wageni waliokuja kununua bitenge na kurudi navyo Kinshasa au Lubumbashi. Kidogo kidogo mtaa ukapata jina.

Jambo moja linawashangaza wageni: Wakongomani wengi unaowaona hapa hawalali hapa. Wanaishi komini nyingine, au Liège, Antwerpen, Charleroi, hata Ufaransa na Uholanzi. Wanakuja Matonge kama vile sisi tunavyoshuka sokoni: kununua, kusalimiana, kupata habari za nyumbani. Uchaguzi wa Kongo ukileta shida, maandamano yanaonekana hapa, kama ilivyokuwa mwezi wa kumi na mbili 2011. Timu ya Léopards ikishinda, kelele zinasikika hapa kwanza.

Ingia Galerie d'Ixelles, njia iliyofunikwa inayounganisha barabara hizo mbili. Ni saluni baada ya saluni, maduka ya nywele, mafuta ya ngozi, bitenge, fundi wa kushona. Lingala ndiyo lugha kubwa, Kifaransa kinafuata, lakini Kiswahili hakikosi. Ukisema tu "jambo, mama", kuna siku atageuka mtu wa Bukavu au wa Kolwezi.

Saa ya kula

Njaa ikibana, nenda Rue Longue Vie. Maana yake ni barabara ya maisha marefu, na ni ya watu wa miguu. Restora za Kiafrika zimepangana hapo, meza zikitolewa nje jua linapotokea. Soleil d'Afrique ni kati ya majina yanayojulikana zaidi.

Utakachokuta hakihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Katanga: sombe, samaki ya kuchoma, kuku ya moambe, mbuzi ya kuchoma, makemba, kikwanga, pilipili pembeni. Bukari nayo ipo, ila mara nyingi ni fufu ya mihogo kwa desturi ya Kinshasa. Mkatanga anayetaka ya mahindi matupu aulize kabla ya kuagiza. Watu wa Sénégal wako jirani na wali wao wa samaki, watu wa Cameroun na ndolé yao. Meza ikijaa, usishangae ukikaa na Mbelgiji anayekula kwa mkono vizuri kukuzidi.

Mwenye kutaka kupika mwenyewe apite maduka ya Chaussée de Wavre. Kuna majani ya mihogo ya baridi, samaki mkavu, makayabu, mihogo, ndizi kubwa, hata safu wakati wa msimu wake. Bei si za soko la Kenya pale Lubumbashi. Chakula kimesafiri kwa ndege, na ndege inalipwa.

Nyumba yenye jina la Kiswahili

Kutoka hapo, Rue de la Paix iko hatua chache. Kuna nyumba ya utamaduni iitwayo Kuumba, inayosimamiwa na Waflama na Waafrika pamoja. Jina ni la Kiswahili chetu, na nyumba hiyo hupanga matembezi ya kuongozwa ndani ya Matonge. Chama kingine, Collectif Mémoire Coloniale et Lutte contre les Discriminations, huongoza watu kwenye alama za ukoloni zilizobaki mjini. Mgeni asiyependa kutembea peke yake aulize huko.

Mwisho wa barabara unaliona kanisa la Saint-Boniface, na kuzunguka kwake nyumba nzuri za mjenzi Ernest Blerot, za mwaka 1900 hivi, zenye madirisha ya kupinda na chuma kilichosukwa kama mimea. Mikahawa imejaa, na lugha zinabadilika: Kiingereza, Kiitalia, Kihispania. Bunge la Ulaya haliko mbali, na wafanyakazi wake wanapenda kuishi karibu. Hapo ndipo hofu ya Matonge inapoonekana. Kodi za nyumba zinapanda, na saluni ndogo haiwezi kushindana na mkahawa unaouza kahawa kwa watu wenye mishahara mikubwa. Mtaa ambao wakaaji wake wengi hawalali humo, na wengi hawana nyumba yao humo, unaweza kwisha bila mtu kufukuzwa hata siku moja. Mkataba haurudiwi, duka linafungwa, jina linabaki kwenye vitabu vya watalii.

Swali la shaba

Na sanamu je? Mwezi wa sita 2020, wakati wa maandamano ya dunia nzima baada ya kifo cha George Floyd, ilipakwa rangi nyekundu. Mwezi wa pili 2022 kundi la wataalamu waliowekwa na serikali ya mkoa wa Bruxelles lilitoa ripoti kuhusu alama za ukoloni. Kati ya mapendekezo yao kulikuwa na hili: sanamu ya Place du Trône iondolewe, na hata iyeyushwe ili kujenga ukumbusho wa waliokufa.

Wabelgiji wanabishana: wengine wanasema historia haifutwi, wengine wanasema mfalme yule hastahili farasi. Katika mabishano hayo yote, sauti ya mahali shaba ilipotoka haisikiki sana. Siku wakiamua kuiyeyusha, Likasi na Kambove wana haki ya kuuliza shaba hiyo itatengeneza nini, na kwa majina ya nani.

Kwa anayetaka kufanya matembezi haya: metro 2 na 6 zinasimama Trône na Porte de Namur. Treni ya uwanja wa ndege inafika kituo cha Bruxelles-Luxembourg, karibu na Trône. Jumamosi mchana ndipo mtaa unapochangamka zaidi, na mwishoni mwa mwezi wa sita kuna sherehe ya Matonge en Couleurs. Omba ruhusa kabla ya kupiga watu picha. Na pesa zako, zitumie ndani ya Matonge: sahani moja ya sombe ni sehemu ndogo ya kodi ya mama aliyeipika.