Migogoro ya uchaguzi katika vyama vya wafanyakazi wa mashamba Tanzania

Migogoro ya uchaguzi katika vyama vya wafanyakazi wa mashamba Tanzania ni mabishano kuhusu nani ana haki ya kuongoza na kusema kwa niaba ya wafanyakazi wa mashamba makubwa ya mkonge, miwa, chai na mazao mengine. Mara nyingi mabishano hayo huhusu orodha ya wapiga kura, sifa za wagombea au hesabu ya kura. Katika historia ya nchi yamehusu pia swali kubwa zaidi: kiongozi wa wafanyakazi achaguliwe na wanachama wenyewe, akubaliwe na mwajiri, au ateuliwe na serikali?

Wilaya ya Kilosa katika Mkoa wa Morogoro, ambamo mji mdogo wa Mikumi umo, ni kati ya maeneo yanayoonyesha vizuri historia hiyo. Upande wa kaskazini wilaya ilikuwa na mashamba ya mkonge. Upande wa kusini inalima miwa.

Mashamba ya Kilosa na Mikumi

Mkonge uliletwa Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, Marekani, ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kilimo hicho kilienea Tanga, kisha kikafuata Reli ya Kati iliyojengwa kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kati ya miaka 1905 na 1914. Kilosa ikawa mojawapo ya wilaya za mkonge, hasa kuzunguka Kimamba na Rudewa.

Wafanyakazi wengi wa mashamba hayo walikuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali. Kuanzia mwaka 1944 waajiri walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Malipo yalifuata mfumo wa kipande: kadi yenye siku 30 za kazi, na mshahara ulitolewa baada ya kadi kujaa. Wakata mkonge, wasomba majani na watu wa korona, yaani kiwanda cha kusaga majani, waliishi kambini chini ya usimamizi wa wanyapara. Kwa kuwa watu walitoka makabila na mikoa tofauti, na wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha, ilikuwa vigumu kupata viongozi wa kudumu.

Kusini mwa Mikumi, katika bonde la Mto Ruaha Mkuu, kilimo cha miwa kilianzishwa na Kampuni ya Sukari Kilombero mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kampuni ina viwanda viwili: Msolwa, upande wa Kilombero, na Ruembe, upande wa Kilosa. Ilikuwa mali ya umma kwa muda mrefu hadi ilipobinafsishwa mwaka 1998, ambapo kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini ilichukua sehemu kubwa ya hisa na serikali ikabaki na asilimia 25.

Wajumbe wa shamba na viongozi wa chama

Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika (TFL) lilianzishwa Oktoba 1955, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa mashamba walipata chama chao, kilichojulikana kwa kifupi cha TSPWU, yaani Chama cha Wafanyakazi wa Mkonge na Mashamba cha Tanganyika. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Victor Mkello.

Mwanzoni wenye mashamba hawakutaka kuzungumza na chama hicho. Waliunda kamati za mashauriano katika mashamba, na juu yake baraza la pamoja la waajiri na wafanyakazi. Wajumbe wa wafanyakazi katika vyombo hivyo walichaguliwa shambani, lakini nje ya chama. Hivyo kulikuwa na makundi mawili yaliyodai kuwawakilisha watu walewale. Waajiri walisema wajumbe wa kamati ndio waliochaguliwa na wafanyakazi. Chama kilisema mjumbe asiye na chama nyuma yake hawezi kumpinga meneja anayemlipa.

Mvutano huo ulisababisha migomo. Mgomo wa shamba la Mazinde, karibu na Korogwe, ulioanza mwaka 1958, ulidumu zaidi ya miezi miwili. Baadaye wenye mashamba waliitambua TSPWU, nayo ikawa mojawapo ya vyama vikubwa vya wafanyakazi nchini.

Mvutano ndani ya TFL, 1960–1963

Kawawa alipoingia serikalini mwaka 1960, nafasi ya rais wa TFL ilichukuliwa na Michael Kamaliza. Uongozi huo haukukubaliwa na wote. Kamaliza na wenzake walitaka shirikisho liwe na madaraka makubwa juu ya vyama vilivyo chini yake na lishirikiane kwa karibu na TANU na serikali. Mkello wa TSPWU na Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli walitaka vyama vibaki huru, hata baada ya uhuru wa nchi kupatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Mwaka 1962 Kawawa, akiwa Waziri Mkuu, alimteua Kamaliza kuwa Waziri wa Kazi, na Tumbo akapelekwa London kuwa balozi. Mkello akawa rais wa TFL. Kwa hiyo watu waliokuwa wakishindana ndani ya shirikisho walijikuta wakikabiliana tena, mmoja akiwa waziri na mwingine akiwa kiongozi wa wafanyakazi. Katika mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria zilizobana sana nafasi ya kugoma kihalali na kuipa TFL nguvu zaidi juu ya vyama.

Januari 1963 Mkello na mwenzake wa TSPWU, Shehe Amiri, walilaumiwa kwa kuchochea migomo isiyo halali wakahamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali, mbali na mashamba ya mkonge. Hawakuondolewa kwa kura ya wanachama wao.

Uteuzi badala ya uchaguzi

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Baada ya maasi kuzimwa, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. Mwezi uliofuata TFL na vyama vyake, ikiwemo TSPWU, vilivunjwa kwa sheria na mahali pake pakawekwa chama kimoja tu, NUTA.

Katika muundo wa NUTA, katibu mkuu na naibu wake waliteuliwa na Rais wa nchi. Katibu mkuu wa kwanza alikuwa Kamaliza, aliyeendelea pia kuwa Waziri wa Kazi. Wafanyakazi wa mashamba wakawa idara ndani ya chama hicho. Ubishi kuhusu kura za ngazi ya taifa ulikwisha, kwa sababu nafasi ya juu haikupigiwa kura tena.

Mwaka 1978 nafasi ya NUTA ilichukuliwa na JUWATA, iliyokuwa mojawapo ya jumuiya za Chama Cha Mapinduzi. Wafanyakazi wa sukari na mkonge hawakuwa na chama kingine cha halali cha kukimbilia. Mwaka 1986, katika Kampuni ya Sukari Kilombero, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokuwa katika mgogoro wa malipo, na baadhi yao waliuawa. Tukio hilo limebaki kati ya matukio machungu zaidi katika historia ya wafanyakazi Tanzania.

Wakati huo mkonge ulikuwa umeporomoka. Uzalishaji uliofikia takriban tani 230,000 mwaka 1964 ulishuka hadi chini ya tani 40,000 kufikia mwaka 1990, kutokana na ushindani wa nyuzi za plastiki pamoja na matatizo ya uendeshaji baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967. Baadhi ya mashamba ya Kilosa yaliachwa bila kulimwa, na hati za baadhi yake zilifutwa baadaye.

Kurudi kwa uchaguzi

Mwaka 1991 iliundwa OTTU, iliyotenganishwa na chama tawala. Katikati ya miaka ya 1990 vilianza vyama vya kisekta, kikiwemo TPAWU kwa ajili ya wafanyakazi wa mashambani na kilimo. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, iliruhusu vyama huru kusajiliwa. Baadaye lilianzishwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanzania (TUCTA).

Mwaka 2000 Tanzania iliridhia pia Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), unaotaka wafanyakazi wachague wawakilishi wao kwa uhuru bila kuingiliwa na mamlaka za umma. Mkataba Na. 98 kuhusu haki ya kujadiliana na mwajiri ulikuwa umeridhiwa tangu mwaka 1962.

Leo jambo hilo linaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo inakitaka kila chama kiwe na katiba inayoeleza namna viongozi wanavyopatikana, na inakataza chama kuwa chini ya mwajiri. Wafanyakazi walio katika menejimenti ya juu hawaruhusiwi kuwa wanachama wa chama kinachowawakilisha wafanyakazi wa chini yao.

Chanzo cha mabishano

Uchaguzi katika shamba kubwa una ugumu ambao haupo katika ofisi au kiwanda cha mjini.

Jambo la kwanza ni orodha ya wanachama. Katika mashamba ya miwa idadi ya wafanyakazi hupanda wakati wa msimu wa kukata na kusaga, na hushuka mvua za masika zinaposimamisha kazi. Kura ikipigwa wakati wa msimu, wakata miwa wa muda wanaweza kuwa wengi kuliko wafanyakazi wa kudumu. Ikipigwa nje ya msimu, wengi wao huwa wameondoka. Tarehe ya uchaguzi peke yake inaweza kubadilisha matokeo. Ushahidi muhimu wa uanachama ni fomu ambayo mfanyakazi husaini ili ada ya chama ikatwe katika mshahara wake.

Jambo la pili ni muundo wa kura. Kwa kawaida wanachama huchagua viongozi wa tawi, lakini viongozi wa taifa huchaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu. Mkata miwa wa Ruembe hampigii kura moja kwa moja katibu mkuu wa chama chake. Ndiyo maana ubishi kuhusu nani ni mjumbe halali wa tawi unaweza kupanda hadi ngazi ya taifa.

Jambo la tatu ni mwajiri. Yeye ndiye mwenye shamba, kambi, magari na ratiba ya zamu. Akitoa ruhusa na usafiri kwa mgombea mmoja na kumnyima mwingine, uchaguzi huweza kulalamikiwa hata kama kura zilihesabiwa sawasawa.

Hatua za kisheria

Mwanachama asiyeridhika na uchaguzi anatakiwa kwanza kutumia njia zilizowekwa na katiba ya chama, kwa mfano kukata rufaa katika vikao vya juu. Asipopata haki huko, kifungu cha 53 cha sheria ya mwaka 2004 kinamruhusu yeye, au Msajili wa vyama, kuomba amri ya Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kwa hoja kwamba chama hakikufuata katiba yake. Mahakama inaweza kutengua uchaguzi, kukiamuru chama kirekebishe kasoro, au kumzuia mtu asitende kazi za uongozi. Inaweza pia kusikiliza shauri kabla ya vikao vya chama kumalizika, ikiona kwamba hilo lina manufaa kwa chama chenyewe.

Msingi wa shauri la namna hiyo ni katiba ya chama. Mlalamikaji hana budi kuonyesha ni ibara gani iliyovunjwa. Kusema tu kwamba mshindi hafai hakutoshi.

Njia nyingine ni kujitenga. Wafanyakazi wasiopungua 20 wanaweza kuanzisha chama kipya na kuomba usajili. Hata hivyo chama hicho hakipati haki ya kujadiliana na mwajiri peke yake mpaka kiwe na wanachama walio zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika la majadiliano.

Athari kwa wafanyakazi

Mgogoro wa uongozi una gharama hata kwa mfanyakazi ambaye hakupiga kura. Viongozi wa chama ndio wanaojadili na kusaini mkataba wa hali bora, ambao hupanga mambo kama viwango vya mishahara na posho. Pande mbili zikidai uongozi, mwajiri anaweza kukataa kukaa mezani kwa kusema hajui azungumze na nani, na mazungumzo yakasimama msimu mzima.

Wanachama wakijitoa kwa hasira, chama kinaweza pia kupoteza wingi wake. Hapo sheria inamtaka mwajiri akipe notisi ya miezi 3 kirudishe wingi huo. Kikishindwa, utambuzi wake wa pekee huondolewa. Mgomo nao unahitaji kura iliyopigwa kwa kufuata katiba ya chama, hivyo ukiitishwa na uongozi unaobishaniwa unaweza kupingwa mahakamani, na walioshiriki wakakosa ulinzi ambao sheria huwapa wafanyakazi walio katika mgomo halali.