Baraza Ikigeuzwa Fremu

Mgeni akipita Manzese au Tandika, Dar es Salaam, akaona nyumba zetu zilivyobanana, haraka huzipa jina la makazi duni. Hajaingia ndani. Angeingia, angekuta mpango usiobahatishwa: baraza mbele, ukumbi unaonyooka kutoka mlango mkubwa hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha jiko, bafu na choo nyuma, vikizungushiwa ukuta wa kuzuia macho. Zamani boriti zilikuwa za mikoko ya Rufiji, kuta za fito na udongo, paa la makuti. Saruji na mabati vilipokuja, mpango ulibaki uleule.

Siku ya kukandika watu waliitana. Wanaume walichimba udongo, wakaumwagia maji na kuukanyaga mpaka ukalainika. Mmoja alisimama nje, mwingine ndani, wakibandika madonge kwa pamoja ili yashikane katikati ya fito. Wanawake waliteka maji na kupika. Nani alidai ujira? Watu walikula wakashiba, na kesho ilikuwa zamu ya jirani.

Mwali wa Kizaramo aliyevunja ungo alifichwa katika nyumba hiyo, akifundwa na kungwi. Marja-Liisa Swantz, mtafiti Mfini aliyeishi Bunju miaka ya 1960, aliandika habari za Wazaramo baada ya kukaa nao, si baada ya kuwapita njiani. Mambo ya fingo na kuzindika nyumba, yaani uganga wa kuikinga, nayaacha. Wageni wameshayapenda kupita kiasi.

Mimi nalilia jinsi msiba ulivyobebwa na nyumba hiyo. Wanaume walikaa barazani na kwenye mikeka hadi barabarani. Wanawake walipita uani, wakajaa ukumbini na vyumbani. Chumba kimoja kilitengwa kwa kuoshea maiti. Sakafu ilikuwa ya udongo, basi palichimbwa kifereji chini ya kitanda cha kamba, maji ya maiti yakazama ardhini pasipo mtu kuyakanyaga, kisha pakafukiwa. Jeneza lilitokea mlango wa mbele. Na mpangaji aliyetoka Bukoba au Songea, asiye na ndugu mjini, aliombolezewa na ua mzima.

Serikali nayo ilizikosea nyumba hizi mapema. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilivunja nyumba za miti na udongo ili kujenga mpya. Ulipofika mradi wa viwanja na huduma wa 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese haikubomolewa. Iliongezewa barabara na maji. Kumbe iliwezekana.

Leo vyumba vya mbele vinabomolewa ukuta viwe fremu za maduka, baraza inamezwa, na kilichosalia kinafungwa nondo. Simlaumu mwenye nyumba, maana kodi ya fremu inasomesha watoto. Lakini msiba ukitokea, wafiwa wanaazima uwanja wa jirani, na muuza simu hufungua duka lake huku khitma ikisomwa hatua tatu kutoka kwake. Wanaochora maghorofa ya wakazi wa Magomeni na Temeke wakae kwanza na kina mama wa mtaa, wawaulize jeneza litashukia wapi, sufuria za matanga zitainjikwa wapi, na wanawake hamsini watalala wapi usiku ule.