Sweden: Kizingiti kinachovitisha vyama vidogo

Stockholm

Nchini Sweden, chama kinaweza kupigiwa kura laki mbili na bado kikakosa hata mbunge mmoja.

Sheria hudai asilimia 4 ya kura zote, au asilimia 12 katika jimbo moja, ndipo chama kigawiwe viti kati ya 349 vya Bunge.

Nyamko Sabuni aliyaonja hayo. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1969, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2019 alichaguliwa kukiongoza chama cha kiliberali, Liberalerna, akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuongoza chama chenye wabunge Sweden.

Kura za maoni zilipokiweka chama chini ya kizingiti, alijiuzulu Aprili 2022. Septemba kilinusurika kwa asilimia 4.6 na viti 16.

Jirani yake Denmark huridhika na asilimia 2. Waliberali wa Ny Alliance, chama kilichoasisiwa Mei 2007 na Naser Khader, mzaliwa wa Damascus, pamoja na wenzake wawili, walipata asilimia 2.8 Novemba mwaka huo, wakaambulia viti 5. Chama hicho sasa huitwa Liberal Alliance.

Kwa kura hizohizo, Stockholm wangebaki nje ya mlango.