Majina ya Mahali na Ufundishaji wa Sarufi: Mifano kutoka Ifakara na Bonde la Kilombero

Makala haya yanajadili matumizi ya majina ya mahali katika kufundisha sarufi ya Kiswahili kwenye shule za msingi, kwa mifano ya Ifakara na bonde la Kilombero. Tunashikilia kwamba majina hayo ni nyenzo nzuri, lakini si yote. Mwalimu asiyetenganisha uchanganuzi wa mofimu na ngano za asili ya majina huishia kuwafundisha watoto uongo uliovikwa istilahi za isimu.

Tuanze na Kivukoni, kijiji kilichoko ng'ambo ya mto Kilombero katika njia ya kutoka Ifakara kwenda Lupiro na Mahenge. Jina hili huchanganulika kuwa ki-vuk-o-ni. Mzizi ni ule wa kitenzi vuka. Kiambishi awali ki- pamoja na kiambishi tamati -o huunda nomino ya ngeli ya 7. Nayo -ni huonyesha mahali. Watoto wakiulizwa maneno mengine yenye umbo hilo, hawakawii kutaja kifuniko, kizibo na kifungo, na hivyo huifikia kanuni ya unominishaji kabla hawajatajiwa istilahi yake. Daraja la Magufuli lilipoanza kutumika, kazi ya pantoni ilikoma mahali hapo, lakini jina halikubadilika. Hapo pana somo la semantiki: jina la pekee hubaki na mofimu zake hata pale kitu kilichotajwa na mofimu hizo kinapotoweka.

Jina hilohilo hudhihirisha upatanisho wa kisarufi. Husemwa "kivuko kile kimeharibika", lakini "Kivukoni kule kumeharibika". Kiambishi -ni kimeihamisha nomino kutoka ngeli ya 7 hadi ngeli za mahali, na kitenzi kimeifuata. Jina la Ifakara, ambalo halina -ni wala haliihitaji, lina tabia mbili: "Ifakara imekua" huuzungumzia mji, ilhali "Ifakara kuna joto" huzungumzia mahali. Mtoto huzitamka sentensi zote mbili kila siku. Kazi ya mwalimu ni kumfanya azisikie.

Mfano uliotuvutia zaidi ni Viwanja Sitini, kata ya mjini Ifakara. Kwa nini husemwa viwanja viwili, viwanja vitano na viwanja vinane, lakini viwanja sita, viwanja saba na viwanja sitini? Nambari sita, saba, tisa na makumi kuanzia ishirini zimetoka katika Kiarabu, nazo hazipokei viambishi vya upatanisho. (Kumi ni neno la Kibantu, lakini nalo halipokei, hivyo asili ya neno peke yake haielezi kila kitu.) Jina moja la mtaani linabeba historia ya mfumo mzima wa kuhesabu.

Ugumu huanza tunapofika kwenye jina la Ifakara lenyewe. Simulizi inayosikika mara kwa mara hulihusisha na kitenzi cha kufa, kana kwamba wageni wa kwanza waliliona bonde hili kuwa mahali pa mauti. Simulizi ni urithi wa jamii na ina thamani yake. Uchanganuzi una masharti mengine. Anayelitoa jina hilo katika -fa anapaswa kueleza i- ya mwanzo na -kara ya mwisho kwa mofimu zinazoonekana pia katika maneno mengine ya lugha husika. Bila sharti hilo, mwanafunzi mwerevu ataweza kulitoa jina hilo katika neno fukara, na mwalimu hatakuwa na hoja ya kumkatalia.

Kidatu ni mfano wa namna nyingine. Katika Kigogo na Kihehe, mzizi wa nambari tatu ni -datu, na mlingano wa t na d hapo ni mzito kuliko mfanano wa juujuu wa Ifakara na fukara. Hata hivyo, swali linabaki: ni vitu gani vitatu? Mlingano wa sauti hufungua uchunguzi tu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika bonde hili, ambamo watoto wa Wandamba, Wapogolo na Wambunga huketi darasa moja na watoto wa wahamiaji, wakiwamo Wasukuma. Mwalimu anapotangaza kuwa jina fulani "maana yake ni" hivi, huwa ametoa hukumu kuhusu lugha ambayo pengine yeye mwenyewe haijui, mbele ya mtoto anayeizungumza nyumbani. Majina kama Lumemo, Lipangalala na Idete yafaa yaachwe nje ya mtihani wa sarufi ya Kiswahili. Darasani yaletwe kama maswali: mtoto ayapeleke kwa babu au bibi yake, arudi na maneno mengine ya lugha hiyo yanayoanza na lu-, li- au i-, na darasa liyapange ubaoni kando ya maneno ya Kiswahili. Mathalani, lu- ya ngeli ya 11 katika lugha nyingi za Kibantu hulingana na u- ya Kiswahili katika maneno kama ulimi. Mtoto aliyeleta maneno matano ya namna hiyo amekwisha kufanya isimu linganishi, hata kama asili ya Lumemo haijajulikana.